Belti ya altaneta inapoteleza, kagua puli kwanza

Kijana anayeanza kazi katika gereji za Mwanza hukutana na tatizo hili mapema, kwa sababu magari mengi tunayoletewa ni Toyota za miaka ya 1990 zilizokwisha kupita katika mikono ya wamiliki kadhaa. Dereva hulalamika kwamba gari linapiga mluzi linapowashwa asubuhi, au kwamba usiku, akitoka Sengerema akiwa na taa kubwa na feni ya ndani, taa ya chaji huwaka hafifu kwenye dashibodi. Mafundi wengi wana majibu mawili tayari mdomoni: altaneta (mtambo unaozalisha umeme wa gari na kuchaji betri) imekufa, au belti ibadilishwe. Mara nyingi hakuna jibu linalofika kwenye chanzo, na mteja hurudi na mluzi uleule baada ya kulipia kifaa ambacho hakikuwa kibovu.

Anza na mita ya volti. Ipime betri injini ikiwa imezimwa na imepumzika. Betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ukiwasha injini, usomaji unapaswa kupanda hadi kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Kisha washa taa kubwa na feni, uangalie namba huku ukisikiliza. Volti zikishuka na mluzi ukaanza wakati huohuo, belti inateleza, kwa kuwa altaneta inapodaiwa umeme mwingi huwa nzito kuzungusha na belti hushindwa kuivuta. Zikishuka bila sauti, usiihukumu altaneta bado, maana belti iliyokauka na kung'aa mbavuni huweza kuteleza kimya kabisa. Zima injini, toa ufunguo, halafu jaribu kuizungusha feni ya altaneta kwa kidole. Kama feni imefichwa ndani, tumia spana kwenye nati ya puli, yaani gurudumu lenye mfereji ambamo belti hupita. Puli ikizunguka huku belti imetulia, umepata jibu la kwanza.

Jibu la pili, ambalo ndilo hasa nataka mlizingatie, ni kwa nini inateleza.

Belti ya umbo la V hushika puli kwa mbavu zake mbili na wala haishiki kwa tumbo. Kwa hiyo tumbo la belti halitakiwi kamwe kugusa sakafu ya mfereji wa puli. Ifungue belti, futa puli kwa kitambaa kikavu, kisha mulika ndani ya mfereji kwa tochi. Sakafu ikiwa na kutu kidogo au uchafu wa zamani, hakuna neno. Ikiwa inang'aa, belti imekuwa ikikaa chini, na hapo ama belti imekwisha na kuwa nyembamba, ama kuta za puli zimelika. Pitisha ukucha kutoka ukingoni kuelekea ndani: ukuta mzima umenyooka, ukuta uliolika una bonde ambalo ukucha unalihisi kabla jicho halijaliona. Halafu weka belti mpya ya saizi sahihi kwa mkono tu, bila kuikaza. Mgongo wake ukizama chini sana ya ukingo wa puli, puli hiyo imekwisha, na belti yoyote utakayofunga itateleza na kuacha unga mweusi kila mahali. Vumbi la barabara zetu zisizo na lami, likikutana na oili inayovuja, hula chuma cha puli kama msasa, kwa hiyo gari linalobeba mizigo vijijini likaguliwe puli hata kama halijaanza kulia.

Kwa belti bapa yenye mifereji mingi, nyunyizia matone machache ya maji upande wa mifereji injini ikiunguruma, ukiweka mikono na nguo mbali. Sauti ikiongezeka, belti inateleza kwa kulegea au kuchakaa. Sauti ikipotea kwa muda mfupi kisha ikarudi, shuku kwamba puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Hili la mstari ni la kawaida pale altaneta ya mtumba inapofungwa ikiwa na puli ya injini nyingine. Rula ndefu iliyonyooka, ikilazwa kwenye nyuso za puli mbili, huonyesha tofauti mara moja.

Usiisahau puli ya krenki, ile iliyofungwa kwenye mhimili mkuu wa injini na inayoizungusha belti. Nyingi zina pete ya mpira kati ya kitovu na duara la nje, na mpira huo huachia kwa uzee. Chora mstari mmoja wa rangi unaovuka kitovu, mpira na duara, kisha endesha gari kidogo ukiwa umewasha taa. Ukikuta mstari umekatika, duara la nje linazunguka peke yake, na kukaza belti hakutasaidia chochote.

Kupaka sabuni kwenye belti ili inyamaze ni kumdanganya mteja. Kuivuta kwa nondo hadi iwe ngumu ni kuua beringi za altaneta, na kwa injini kama 5A-FE ya Toyota, ambako belti hiyohiyo huendesha pampu ya maji, ni kuua na pampu pia. Kwa injini hizo belti iliyolegea nayo ni hatari, kwani gari linaweza kuchemka kwenye mlima wa Bugando hapa Mwanza. Magari mengi hukubali belti izame karibu milimita 10 ukiibonyeza kwa nguvu ya dole gumba katikati ya sehemu yake ndefu, lakini kipimo cha gari husika ndicho cha kufuata. Ukiona oili kwenye belti, tibu uvujaji kwanza.

Kabla ya kugusa waya mnene wa altaneta, toa kichwa hasi cha betri, kwa sababu waya huo una umeme wa betri hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Baada ya kufunga belti mpya, acha injini iungurume kwa dakika kadhaa taa zikiwa zimewaka, zima, kisha pima tena ukazo, kwa maana belti mpya hulegea kidogo inapokaa. Mwambie mteja alirudishe gari baada ya kilomita mia chache ili ukazo upimwe tena, na uandike kwenye karatasi ya kazi volti ulizosoma taa zikiwa zimezimwa na zikiwa zimewashwa, ili siku hiyo uwe na namba za kulinganisha.