Baba alipoanza kukosea hesabu: figo na akili ya mgonjwa wako

Baba amenunua mahindi Kibaigwa zaidi ya miaka ishirini bila kikokotoo. Ukimtajia gunia 38 na bei, jibu linatoka papo hapo. Ndiyo maana siku aliyohesabu noti zilezile za elfu tano mara nne, kila mara akapata jumla tofauti, nilishtuka. Shangazi akasema ni uzee. Mjomba akasema karogwa. Figo zake wakati huo zilikuwa zinafanya kazi chini ya asilimia 15, na hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba ugonjwa huu hufika mpaka kichwani.

Figo zikishindwa, uchafu uliopaswa kutoka na mkojo hubaki kwenye damu, na damu hiyohiyo ndiyo inayolisha ubongo. Tena presha na kisukari, vinavyoua figo za wengi wetu, huharibu pia mishipa midogo ya kichwani. Upungufu wa damu nao unamlegeza mtu. Baba alisimulia mambo ya utotoni bila kuruka kitu, ila kujiandaa kwenda kliniki, kadi, nauli na dawa, kulimshinda. Mchana anasinzia, usiku macho makavu. Akawa mkali kwa mama, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Muuguzi mmoja alimwambia anyooshe mikono mbele, viganja vikitazama ukuta kama anayesimamisha basi. Viganja vikawa vinadondoka, vinainuka, vinadondoka tena: dalili kwamba ule uchafu wa damu unausumbua ubongo. Nililia pale pale. Miezi mizima tulikuwa tunamgombeza mtu mgonjwa.

Alianza kusafisha damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa takriban saa nne kila mara. Baada ya wiki kadhaa mikono ilitulia, na maneno yakarudi. Si yote, bado ni mzito kuliko zamani. Na siku ya mashine hurudi amechoka kabisa, kwa hiyo usimletee habari za shamba wala madeni jioni hiyo. Sisi tunazungumza naye asubuhi ya siku ya mapumziko, jambo moja kwa wakati, redio imezimwa.

Mambo makubwa msiyaahirishe. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo tangu 2018, hivyo swali la nani atamtolea ndugu figo linaweza kufika kwenu. Muulizeni mwenyewe anataka nini angali anaelewa, msije mkaamua bila yeye.

Dawa ndizo zilizotutisha zaidi. Miguu ilikuwa inamwaka moto, zahanati moja ikampa gabapentini kwa kipimo cha mtu mwenye figo nzima. Dawa hiyo hutolewa na figo, kwake ikarundikana. Alilala siku mbili, mwili ukishtukashtuka, akimwita mama kwa jina la bibi. Tangu hapo, kabla ya dawa yoyote kupita mdomoni, tunasema kwanza: huyu ni mgonjwa wa figo. Za maumivu kama diklofenaki hatununui kabisa bila daktari wake.

Kama mgonjwa wako anachoma insulini, jueni kwamba figo zikichoka insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na sukari inaweza kushuka usiku. Akianza kuweweseka ghafla, mpime sukari. Ikiwa imeshuka na anaweza kumeza, mpe chai yenye sukari. Iwe imeshuka au haijashuka, mpeleke hospitali usiku huohuo, na mfuko wa dawa zake zote uwe mkononi.