Mwanangu, uliniuliza niliwezaje

Mwanangu, ile voisi yako ya ijumaa nimeisikiliza mara tatu. Unasema mama wewe uliwezaje, mimi kila nikianza gym na daiti wiki ya pili nimeshaacha, nahisi sina nia. Nikaona nikikujibu kwa simu ntasahau nusu, bora nikuandikie usome taratibu.

Kwanza hilo la nia liondoe kichwani. Mimi nia nilikua nayo maana nilikua naogopa kufa. 2019 nilivyopimwa presha ikasoma 170 kwa 105, nikapewa dawa na karatasi, punguza chumvi, punguza sukari, punguza mafuta, punguza uzito, fanya mazoezi. Nikafika nyumbani nikaanza vyote siku hiyohiyo, mboga za kuchemsha, chai bila sukari, kutembea saa nzima mpaka magoti yanawaka moto. Siku ya tisa tukapata msiba kule kwa mjomba wako, nikakaa siku nne, na msibani unajua chai inakuja kwenye birika imeshatiwa sukari, unakula kinachopakuliwa, unalala mkekani. Niliporudi ile karatasi sikuishika tena. Miezi mitano nilikua nameza dawa tu, na zenyewe narukaruka.

Kilichokuja kunibadilisha ni sufuria ya chai. Si unajua kwetu tangu enzi za bibi yako sukari inapikwa humohumo na majani, chai ikiiva imeshakua tamu, hakuna anaeulizwa. Siku moja nikasema mimi nabadilisha kitu kimoja tu, sukari haiingii kwenye sufuria, inakaa bakulini mezani kila mtu atie yake. Basi. Sikupunguza hata punje, nilitia vijiko vyangu vitatu kama kawaida. Lakini kitu ukikitia kwa mkono wako unakiona, na kila nikitia kile cha tatu nilikua nakiangalia. Baada ya wiki kadhaa nikawa natia viwili na nusu, nikakaa hapo mwezi mzima, ulimi ukazoea, nikashuka viwili, ikaenda hivyo hivyo karibu mwaka mpaka nikafika nusu kijiko, na siku nyingine nikitia mchaichai na tangawizi sukari nasahau kabisa. Wala sikuteseka mwanangu, na hapo ndo nataka unielewe.

Hesabu hii. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni tisa. Ile soda ya kola ya mililita 350 unayoshushia chipsi mchana ina sukari kama gramu 37, na kijiko cha chai ni kama gramu 4. Yani sukari niliyokua nakunywa mimi kutwa nzima we unaimaliza kwa chupa moja ukiwa umesimama kwa muuza chipsi. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu akibaki chini ya gramu 25 kwa siku ndo vizuri zaidi. Sikuambii uache soda kesho. Anza kununua maji siku moja ya wiki, jumatatu labda, zile nyingine ziache kama zilivyo.

Chumvi nayo nilifanya hivyo hivyo, nikaitoa mezani ikabaki jikoni, na maharage nakamulia ndimu. Kisichozidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima ndo wanavyosema, kama kijiko kimoja cha chai, na humo mkate na viungo vya pakiti vimeshahesabiwa.

Kutembea ndo kulinisumbua. Saa nzima sikua naipata, sasa nikaona mimi alfajiri nishaamka kuswali, badala ya kurudi kitandani navaa kandambili zangu nafika barabara ya nane narudi, dakika kumi haziishi. Sikutafuta muda mpya, niliupachika kwenye kitu ambacho nakifanya kila siku hata kama sijisikii. Dawa pia naimeza palepale nikitoka kwenye mswala, tangu hapo sijaruka. Ramadhani ilipoingia nilidhani itakufa, nikawa natembea baada ya tarawehe na jirani yetu wa mlango wa pili, na sa hivi ye ndo anagonga mlango nikichelewa.

Kila kitu nakipima hivi, je, hii naweza kuifanya hata wiki ya msiba? Kama siwezi basi ni kubwa mno, naikata mpaka iwe ndogo. Na siku ikikosekana kesho yake naendelea palepale, silipizi kwa kutembea mara mbili. Dada yako alinisomea utafiti wa chuo kikuu kimoja London wa 2009, watu 96 walichagua kila mmoja kitu kidogo cha kufanya kila siku, ikaonekana kukizoea kunachukua wastani wa siku 66, kuna wa siku 18 na kuna waliokadiriwa mpaka 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. We unaacha wiki ya pili, siku ya 14! Hata yule mwepesi kuliko wote alikua bado hajafika.

Sasa wewe. Nilipokuja kwako niliona unashuka daladala unapanda boda mpaka getini. Siku moja boda hazikuwepo nikatembea, dakika 12. Ukienda na kurudi kwa miguu siku sita za kazi ni dakika 144, na zinazotakiwa kwa wiki ni 150, za kukaza mwendo lakini, sio za kuchati huku unaburuza viatu. Gym sio mbaya, ila anza na boda ya jioni tu, ya asubuhi iache kwanza maana najua unavyochelewa.

Na kapime presha baba. Bibi yako alianguka na kiharusi akiwa anafagia, hajawahi kuumwa kichwa wala nini, na kupimwa hakuwahi. Presha haipigi hodi. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi na ukarudia siku nyingine ikawa hivyohivyo, unaenda kwa daktari, hayo ya sukari na kutembea hayachukui nafasi ya dawa, mimi mpaka leo nameza yangu na juzi imesoma 128 kwa 80.

Ukipima jumatatu nitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini, usiniandikie tu "iko poa".

Mama yako