Jibu kwa wa Malindi: bei uliyoionyesha mwenyewe usiichukue tena kwenye fomu

Simama hapo hapo, mdogo wangu. Ile sehemu uliyosema "bei nitaiweka kwenye kisanduku kilichofichwa, mteja akibonyeza Hifadhi naichukua pale pale napiga hesabu", itoe. Itoe leo, kabla hujalala. Mengine tutazungumza ukishaitoa.

Kwa waliofika sasa: ndugu huyu yuko Malindi, anajifunza PHP (lugha ya kuandikia skripti za seva) na MySQL (programu ya hifadhidata), anatengeneza ukurasa wa safari za mashua za kwenda kuogelea hifadhi ya bahari. Bei na majina yanatoka kwenye hifadhidata, yanaonekana vizuri ndani ya visanduku, lakini akibonyeza kitufe anapata tupu, au anapata mstari wa mwisho peke yake. Pia anauliza picha za mashua azihifadhi wapi, na kama aachane na PHP ahamie kwingine; hayo ndiyo mengine niliyosema tutazungumza baadaye.

Hilo la tupu ni jepesi. Brauza haitumi kisanduku kisicho na name, yaani jina lake ndani ya HTML. Wewe umeandika id="bei" ukatosheka, na id haiendi kwenye seva. Andika name="bei", utaikuta kwenye $_POST['bei']; $_POST ni kapu la PHP lenye yote yaliyotumwa na fomu. Kisanduku ukikiwekea disabled (kimezimwa) hakitumwi kabisa. Ukikiwekea readonly (cha kusomwa tu) kinatumwa. Maandishi yaliyo ndani ya td au span, ambazo ni za kuonyesha tu, hayatumwi hata ukiyapaka hina. Na mistari kumi yenye name moja, PHP inakubakishia wa mwisho tu, ndiyo maana unaona mmoja. Andika name="simu[17]", hiyo 17 ikiwa ni namba ya rekodi, utapata zote, kila moja na mwenyewe. Limekwisha. Najua ndilo lililokuleta hapa, lakini silo litakalokuliza.

Ami yangu ana nyumba ya wageni Shela, huku kwetu Lamu. Miaka yote alikuwa akiandika wageni kwenye daftari kubwa la kaunta, jina, chumba, siku, bei waliyopatana, malipo ya awali. Mimi nikatoka chuoni na kichwa kikubwa, nikamwambia ami, daftari la nini zama hizi, nitakufanyia mfumo. Akanitazama, akasema haya, fanya, lakini daftari langu silifungi. Nikacheka.

Nikatengeneza ukurasa mmoja wa kurekebisha nafasi ya mgeni. Ukifungua, kila kitu kinajaa ndani ya visanduku: jina, simu, chumba, siku, bei ya usiku, malipo ya awali. Bei nikaipitisha kwenye number_format ili isomeke, 12500 ikawa 12,500. Ami alipenda kweli ile koma. Chini kitufe kimoja, Hifadhi, na nyuma yake skripti inayozunguka $_POST nzima, inachukua kila kisanduku na kukirudisha kwenye jedwali. Kisichobadilishwa kinarudi vile vile, sivyo? Ndivyo nilivyodhani, na ndivyo unavyodhani wewe sasa hivi.

Sasa sikiliza. Maandishi "12,500" ukiyapitisha kwenye intval, ile ya kugeuza maandishi kuwa namba kamili, PHP inasoma namba mpaka ikutane na kitu kisichokuwa namba, kisha inasimama. Inakutana na koma. Inakupa 12. Haikupi onyo, haikupi kosa, inakupa 12 safi kabisa na inaendelea na kazi zake.

Kijana wa mapokezi anafungua nafasi ya mgeni ili arekebishe namba ya simu tu. Bei hajaigusa, pengine hata hakuiangalia. Anabonyeza Hifadhi. Bei ya usiku inakuwa shilingi 12. Malipo ya awali yaliyokuwa 15,000 yanakuwa 15. Anafungua ya mwingine aongeze siku, nayo hivyo hivyo. Kila nafasi iliyoguswa kwa jambo dogo kabisa ilitoka pale imefilisika.

Utauliza, hukujaribu kabla ya kuwapa watu? Nilijaribu bwana! Nilijaribu kwa bei ya 500. Mia tano haina koma. Ilikwenda na kurudi 500 kila mara, nikajipongeza.

Tena kinachoniuma ni kwamba MySQL yenyewe ingeniokoa. Kuanzia toleo la 5.7 la mwaka 2015 hali ya ukali (strict mode) imewashwa tangu mwanzo, kwa hiyo ningeipelekea "12,500" kama ilivyo kwenye safu ya INT (ya namba kamili) ingekataa na kupiga kelele. Lakini mimi nilishaisafisha kwa intval kwanza, maana nilifundishwa kwamba data husafishwa. Nikaipelekea 12 iliyooga na kujipulizia marashi, kwa nini ikatae?

Hayo yote yalikuja kujulikana wakati wa Maulidi, wakati ambao Lamu hata baraza za nje zinatafutwa za kulala. Mfumo ulikuwa unawatumia wageni barua pepe ya kuwakumbusha baki lao. Mgeni wa usiku tatu, aliyetakiwa alipe 37,500 kwa jumla na ametanguliza 15,000, akaandikiwa kwamba amebakiza shilingi 21. Mmoja, mtu wa Nairobi mwenye mzaha, alishuka kwenye mashua, akafika mapokezi, akaweka noti ya hamsini juu ya kaunta na kusema chenji muweke. Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango uko wapi. Ami hakucheka.

Tukakaa usiku kucha. Malipo ya awali tuliyapata kwenye ujumbe wa simu ya ami, mmoja mmoja, kwa sababu watu walilipa kwa M-Pesa. Bei tulizipata wapi? Kwenye daftari. Lile lile. Waliopunguziwa bei kwa mazungumzo ya simu bila kuandikwa popote, hao tuliwauliza wenyewe walipatana ngapi, na ukimuuliza mgeni alipatana ngapi unajua jibu litaelekea wapi. Pesa iliyopotea sitaitaja hapa, ami anasoma mitandao siku hizi. Hifadhidata sikuwa nimeiwekea nakala, kwa hiyo wanaojiandaa kuniuliza "mbona hukurudisha ya jana" waokoe vidole vyao.

Na nani aliyenifundisha ile skripti ya kuzunguka $_POST nzima? Jamaa mmoja wa video. Simtaji, lakini wengi wenu mmemtazama. Anafungua hifadhidata, anaonyesha kwenye fomu, anachukua kwenye fomu, anarudisha, dakika kumi na mbili, "mmeona ilivyo rahisi?" Mfano wake ulikuwa wanafunzi na umri wao! Umri! Nani ana umri wenye koma? Hajawahi kugusa pesa ya mtu yule. Kule chini watu wanamshukuru, na mimi pia nilimshukuru, shukrani yangu bado iko pale, nikiiona natamani kuzima simu. Mwalimu anayefundisha watu kurudisha kwenye jedwali kitu ambacho hakuna aliyekibadilisha amefundisha nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayolipiwa.

Kwa hiyo mimi nina sharti moja, hata mashine iwe inaungua silivunji: kwenye fomu nachukua namba ya rekodi na kile alichoandika mtu kwa mkono wake. Kilichobaki chote nakisoma upya kwenye hifadhidata. Bei iliyo kwenye fomu ni ile iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mkahawa, yeyote anaifuta kwa kidole. Bei yenyewe anayo mwenye mkahawa.

Kwa safari zako za mashua itakuwa hivi. Mteja anaandika simu na idadi ya watu. Fomu inabeba namba ya safari. Basi. Ukipokea ($pdo hapa ni muunganisho wako na hifadhidata):

$id = intval($_POST['safari_id']);
$watu = intval($_POST['watu']);
$q = $pdo->prepare('SELECT bei FROM safari WHERE id = ?');
$q->execute([$id]);
$safari = $q->fetch();
if (!$safari || $watu < 1) { exit('Safari au idadi ya watu si sahihi'); }
$jumla = $safari['bei'] * $watu;

Umeona bei imetoka wapi? Haikupita kwa mteja kabisa. Ionyeshe kwenye ukurasa na koma zako, na KSh yako mbele, ipambe utakavyo, lakini iandike nje ya kisanduku, kama maandishi ya kawaida. Isiwe na name. Isipokuwa na name haitumwi, na isipotumwa huna namna ya kujiponza. Na ukihifadhi, UPDATE, amri ya kurekebisha rekodi, itaje safu ile tu iliyobadilishwa: UPDATE oda SET simu = ? WHERE id = ?. Usirudishe jedwali zima kwa ajili ya simu moja.

Hapo bado sijataja mtu mwenye nia mbaya. Kisanduku chako kilichofichwa hakionekani kwenye ukurasa tu. Mtu akibofya kitufe cha kulia cha kipanya na kufungua sehemu ya ukaguzi ya brauza, kiko wazi, anafuta 4500 anaandika 1, anabonyeza Hifadhi. Skripti yako itapokea 1 kwa heshima zote. Malindi hapo kuna vijana wa shule wanaojua kufanya hivyo. Hata ile namba ya rekodi anaweza kuibadilisha, kwa hiyo kama mtu anarekebisha oda yake, hakikisha kwenye hifadhidata kwamba oda hiyo ni yake kabla hujaigusa.

Kuna jambo moja watu huligeuza wakishaelewa sharti hili, nalo linaleta hasara ya upande wa pili. Mteja akishaagiza, seva yenyewe inakili bei ya siku ile na kuiweka kwenye rekodi ya oda. Usiende kila mara kusoma bei ya leo kwenye jedwali la safari, maana ukipandisha bei Desemba, aliyeagiza Oktoba atajikuta anadaiwa ya Desemba. Kusoma upya maana yake usome kwenye rekodi ya oda yake.

Na jina, kwa kuwa umeonyesha mstari wako wa value='...' wenye alama moja moja. Mgeni akiitwa Ng'ang'a, kisanduku kitaonyesha Ng, na ukihifadhi, jedwalini atakuwa Ng maisha yake yote. Ipitishe kwenye htmlspecialchars, ile inayogeuza alama maalum zisivuruge HTML, wakati wa kuonyesha. Kabla ya PHP 8.1 ilikuwa inaiacha ile alama moja isipokuwa uiambie kwa ENT_QUOTES, kwa hiyo iambie tu, huna hasara. Sisi tulikuwa na wageni kadhaa wa namna hiyo na barua zao zilianza "Mpendwa Ng".

Sasa jaribu kwa bei ya 4,500, usijaribu kwa 500 tafadhali. Fungua oda, badilisha simu peke yake, hifadhi, kisha nenda ukatazame kwenye jedwali lenyewe. Usitazame kwenye ukurasa wako. Halafu bandika hapa ile faili yenye UPDATE tuione. Ile ya kuonyesha usiibandike, sina haja nayo.