Uliza Fundi: Risasi ndefu, magazini fupi

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni mbeba bunduki kwenye kambi ya uwindaji huku Handeni. Kazi yangu ni kuzisafisha, kuzibeba na kuhesabu risasi kila jioni. Msimu uliopita tulipokea mgeni kutoka Marekani, bunduki yake ikafika kitako kimepasuka. Tukampa bunduki ya 375 ya kambi, Mauser (aina ya Kijerumani) ya zamani yenye alama za jeshi zilizofifia ubavuni. Risasi alizozijaza mwenyewe kwao zikakataa kuingia kwenye magazini, lile sanduku la risasi tumboni mwa bunduki, ncha inagonga ukuta wa mbele. Ukiweka moja moja kwenye chemba, pale inapolipukia, inaingia, ila bolti ilikuwa nzito kidogo kufunga. Mgeni akacheka, akasema kwao watu huongeza urefu wa magazini kwa tupa, milimita mbili tatu, basi. Mwaka huu anarudi. Bosi kaniambia nitafute fundi Tanga aikate. Ni kazi ya siku ngapi?
Mbeba bunduki, Handeni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kukata kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja, na chai unakunywa. Ila barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonisimamisha si magazini. Ni maneno uliyoyapita mbio: "bolti ilikuwa nzito kidogo kufunga."

Kwa nini komeo hilo liwe zito? Kwenye karakana yangu hapa Ngamiani ningeanza hivi. Nachukua ganda tupu, halina baruti wala fataki ya kuiwashia, nalibana kichwa cha risasi kama kile cha mgeni kwa urefu ule ule. Nakipitisha juu ya moshi wa koroboi mpaka kiwe cheusi tii. Naliingiza kwenye chemba, nafunga bolti polepole, nalitoa, nakwenda nalo dirishani. Nikiona kwenye masizi vialama vimejipanga kuzunguka kichwa, mfano wa meno ya panya kwenye muhogo, jibu ninalo: kichwa kimegota kwenye mifereji ya kasiba, ile michirizi ya ndani ya mtutu. Uzito uliousikia mkononi, kwa maelezo yako, naona ndio huo.

Kwa kawaida kichwa cha risasi kina nafasi kidogo ya kukimbia kabla hakijauma mifereji. Kikianzia kikiwa kimeshagota, mgandamizo ndani ya chemba hupanda haraka kuliko alivyokusudia aliyejaza. Halafu kuna la pili, ambalo kwa mbeba bunduki ni baya zaidi. Mmeahirisha kupiga, unaambiwa toa risasi. Unavuta bolti: ganda linakuja, kichwa kinabaki kimekwama kwenye kasiba, baruti inamwagika yote ndani ya bunduki. Sasa nyati yupo, bunduki hamna.

Huyo mgeni simlaumu. Risasi zile alizipima kwa bunduki yake, ambayo bila shaka kasiba yake ina nafasi zaidi pale mbele na magazini yake ilishabadilishwa. Kwao kujaza risasi nyumbani ni jambo la kawaida, na wengi wao ni waangalifu kuliko sonara. Siku hizi wanapenda vichwa vya shaba tupu. Shaba ni nyepesi kuliko risasi-madini, kwa hiyo kichwa cha gramu 19 cha shaba lazima kiwe kirefu kuliko cha risasi-madini chenye uzito huo huo na unene huo huo. Urefu ule ukiuzamisha ndani ya ganda unakula nafasi ya baruti, basi wanakivuta nje. Kwenye bunduki aliyoipima hapana tatizo. Lakini bunduki mbili zenye namba moja ubavuni si pacha.

Tuje kwenye tupa. Risasi ya 375 ya kampuni ya Kiingereza, Holland & Holland ilitoka mwaka 1912, na urefu wake wa mwisho, kutoka kitako cha ganda hadi ncha, ni milimita 91.44. Mauser yenu ni ya mtindo wa 1898, nayo ya jeshi ilitengenezwa kwa risasi ya Kijerumani isiyozidi milimita 82. Piga hesabu. Tofauti ni zaidi ya milimita tisa, na sehemu kubwa yake ilishaliwa siku ile mtu alipoigeuza ya jeshi kuwa 375, mbele na nyuma. (Wajerumani walitengeneza pia Mauser ndefu tangu kiwandani kwa risasi kubwa, ila zile hazina alama za jeshi.)

Sasa tazama chuma kile cha mbele kinalala wapi. Ondoa bolti, mulika tochi ndani. Mbele ya sanduku la magazini kuna mteremko unaoipandisha risasi kuelekea chemba. Juu ya mteremko huo, pale bolti inapojifunga, sikio la chini la bolti, yaani jino lake la kufungia, linaegemea chuma hicho hicho. Bolti ya Mauser ina masikio mawili mbele, na moja la akiba nyuma. Mlipuko wote unabebwa na yale mawili. Kila milimita unayoila kwenye mteremko unaila kwenye mgongo wa sikio la chini, na wa kwanza alishakula sehemu yake. Ninyi mnataka kuanza sahani ya pili.

Ukisema basi tukate nyuma, bolti nayo itabidi irudi nyuma zaidi ili ipite kitako cha risasi, maana yake kuchokonoa na kizuizi cha bolti. Sikushauri.

Na usidhani nasema kwa kusikia. Mwaka 1986 nilikuwa nimetoka karakana ya korona, zile mashine za kuchakata mkonge, najiona chuma chote kinanijua. Mteja mmoja akaniletea bunduki yenye shida kama yenu. Nikaitia sanduku kwenye jiriwa, tupa, msasa, venia ya kupimia, saa tatu kazi imekwisha. Risasi zikaingia safi, mteja anatabasamu na soda yake mkononi. Tukajaribu kwa risasi za bandia. Ya kwanza ikapanda. Ya pili ikainamisha pua ikazama kwenye pengo nililolifungua mwenyewe chini ya mteremko. Nikaitoa, nikarudia, ikazama tena. Halafu tukagundua risasi nzima haitoki: ganda tupu linaruka vizuri, lakini risasi yenye kichwa ncha inagonga ukingo wa mbele na kubaki. Chuma kilichokwisha kuwa unga hakirudi. Nilikunja sanduku jipya kwa bati nene, wiki tatu, bila kulipwa hata senti, na soda nikailipa mimi.

Kwa hiyo mwambie bosi bunduki iachwe. Mgeni aandikiwe sasa, kabla hajapanga mzigo: magazini ya kambi ina urefu huu (pima ndani kwa venia, si kwa futi kamba), na risasi zisizidi 91.44. Vichwa vingi vya shaba vya kuwindia wanyama wakubwa vina mikanda iliyochongwa ubavuni. Mdomo wa ganda ubanwe kwenye mmoja wa mikanda hiyo. Kubana huko si pambo. Bunduki ya 375 inaporuka nyuma, risasi zilizobaki kwenye magazini zinagonga ukuta wa mbele kwa ncha, na kichwa kisichobanwa kinaweza kuzama. Ukiwa porini, baada ya mgeni kupiga mbili tatu, toa zilizobaki uzipime tena.

Hata zikiwa na urefu sahihi, bado zilijazwa kwa kasiba nyingine. Mimi ningemwambia atumie za kiwandani kwenye bunduki yenu, zake azipige kwenye yake, nayo ije kwenye sanduku gumu safari hii. Bunduki ya kambi ina leseni, na kuigusa ni kazi ya fundi mwenye leseni. Akikwambia mtu wa gereji kwamba anaweza, anaweza kweli. Ndilo linalonitia hofu.

Ukija Tanga njoo na karatasi ya vipimo na hilo ganda tupu, nikuoneshe mambo ya koroboi.

SWALI: Fundi, nina bunduki ya marisawa kwa ajili ya nguruwe shambani. Shemeji yangu wa Kanada ana kimashine cha kujazia maganda yaliyotumika. Akija nacho naweza kujaza yangu nyumbani?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Hapana. Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, soma sheria ya silaha na risasi ya 2015. Mwambie shemeji akuletee tochi nzuri ya kichwani, nguruwe wanakuja usiku.