Chekechea: Usidanganywe na sauti ya darasa zima

Mwalimu anayeanza kazi chekechea hufurahi mapema mno. Watoto wanaimba "a, e, i, o, u" kwa sauti moja, wanataja siku za wiki bila kukosea, wanafuatisha herufi za nukta mpaka ukurasa unajaa. Mgeni akiingia, anapiga makofi. Lakini katika darasa la watoto 25, wanaojua wakiwa 8 tu, sauti inatosha kujaza chumba. Waliobaki wanafuata midomo ya wenzao, tena kwa ustadi mkubwa. Kazi yako ni kumtoa kila mtoto kwenye sauti hiyo na kumwona peke yake.

Anza na jaribio dogo. Andika ba, be, bi, bo, bu, kisha gusa bu, halafu be. Aliyekariri ataanza kunong'ona kuanzia ba mpaka afike ulipogusa. Huyo anajua wimbo, hajajua silabi. Ukizoea kuziandika kwa mpangilio uleule kila siku, wewe ndiye unayemfundisha wimbo. Zichanganye tangu siku ya pili.

Kabla ya herufi yapo masikio. Tenga dakika 5 kila siku, bila karatasi wala ubao, mpige makofi kwa silabi: paka ni makofi mawili, kiatu matatu. Neno ua lina makofi mawili ingawa ni fupi kabisa, na mtu pia ni mawili: m-tu. Hapo wengi watapiga moja, kwa kuwa m haina irabu ya kuisindikiza. Usiwakemee, tamka polepole uwaache waisikie m ikisimama peke yake. Makofi yakishazoeleka, uliza sauti ya kwanza ya neno, kisha ya mwisho. Mtoto asiyesikia kwamba sisi inaanza na "sss" hatasaidiwa na kuona s hata ukiichora kubwa kama mlango.

Unapoingia kwenye herufi, itaje kwa sauti yake na wala si kwa jina lake: "mmm", si "ema" wala "ma". Ukisema "ma" kwa m, mtoto ataunganisha "ma" na "i" apate "mai", naye hatakuwa amekosea, amefuata ulichomfundisha. Anza na konsonanti zinazovutika, kama m, l, s na n, kwa sababu mtoto anaweza kuziburuta mpaka zikutane na irabu: mmmmaaa. Sauti za b, t, k na d hukatika ghafla. Ziache zije baadaye. Kwa irabu, tangulia na a, i na u. Irabu e na i husikika jirani sana, na o na u vilevile, kwa hiyo kuzileta zote tano siku moja ni kutafuta mkanganyiko.

Herufi 6 tu, a, i, u, m, l, s, zinakupa mama, mimi, sisi, lala, uma, mali, simu, asali, ulimi. Hayo ni maneno ya kweli, na mtoto akiyasoma anajua amesoma kitu. Usikimbilie herufi ya 7 kabla hajaweza kuyasoma yakiwa yamechanganywa. Herufi mbili mpya kwa wiki ni mwendo mzuri kwa madarasa mengi. Tatu ni nyingi. Sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili au zaidi, kama ch, sh, ny, mb, nd na ng', zisubiri konsonanti za kawaida ziimarike, na kila moja ifundishwe kama kitu kimoja, bila kuivunja.

Kitabu cha hadithi ni somo jingine. Kabla hujasoma, waonyeshe jalada, mahali pa kuanzia, na namna mstari ukiisha tunavyorudi kushoto chini yake. Soma hadithi ileile siku tatu: siku ya kwanza waifurahie tu, ya pili simama kwenye maneno magumu, ya tatu wao waisimulie kwa kufuata picha. Baadaye mpe mtoto sentensi fupi aliyokwisha kuikariri aifuate kwa kidole. Maneno yetu ni marefu, ndipo anapojikwaa: "anakula" ina silabi nne, naye atasogeza kidole kila silabi mpaka karatasi iishe kabla ya sentensi. Hilo si uzembe. Hajajua kwamba nafasi tupu ndiyo inayotenga neno na neno. Kata sentensi kwa mkasi, neno moja kwa kila kipande, mwache aipange upya.

Kuandika huanza begani na kwenye vidole muda mrefu kabla ya penseli. Kufinyanga udongo, kutunga shanga, kukata kwa mkasi na kuchora hewani kwa mkono mzima vyote ni masomo ya kuandika, ingawa mzazi akichungulia dirishani ataona mchezo. Kwa mshiko, vunja krayoni zibaki na urefu wa sentimita 3 au 4. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, hivyo mtoto analazimika kutumia vidole vitatu bila wewe kusema neno. Angalia na kiti: miguu ikining'inia, mwili unayumba na mkono unakaza.

Fuata mpangilio wa michoro: mstari wima, mstari wa kulala, duara, msalaba, mraba, kisha mshazari na pembetatu. Asiyeweza mshazari bado hawezi k, v wala x, na kumlazimisha ni kupoteza karatasi. Herufi nazo zifundishwe kwa familia za mkono, wala si kwa mpangilio wa alfabeti: c, o, a, d, g huanza na mzunguko uleule, l, i, t hushuka, r, n, m, h, b hushuka kisha zikarudi juu. Mpangilio huu pia unatenganisha b na d, kwa sababu b huanza na mstari na d huanza na mzunguko. Kamwe usizifundishe wiki moja. Mtoto wa miaka 5 akiandika herufi kinyume usishtuke. Wengi huendelea hivyo hadi miaka 6 au 7.

Herufi za nukta zinapendwa kuliko zinavyostahili. Mtoto hufuatisha a kuanzia chini, au kwa vipande vitatu, na ukurasa ukaonekana safi kabisa. Karatasi haisemi mkono ulitoka wapi. Simama kando yake, tazama mkono ukitembea, na umsahihishe mahali pa kuanzia hapo hapo, maana tabia hiyo ikikaa mwaka mzima ni shida kuing'oa. Nukta zitumike mara mbili tatu, kisha ziondolewe. Anayetumia mkono wa kushoto akae upande wa kushoto wa meza asigongane viwiko na jirani, karatasi yake iinamie kulia, na vidole vishike penseli juu kidogo ili aone anachoandika. Usimbadilishe mkono.

Neno la kwanza liwe jina lake, herufi kubwa mwanzoni tu na ndogo zinazofuata. Likiandikwa lote kwa herufi kubwa, utalazimika kulifundisha upya. Wakianza kuandika maneno yao wenyewe, utaona "nyuba" kwa nyumba na "kodoo" kwa kondoo. Sauti ya puani kabla ya konsonanti ni ngumu kusikika. Mwambie abane pua akitamka "kondoo". Sauti itamkwama, naye atajua kuna kitu amekiacha. Msifu kwa alizosikia, kisha msaidie hiyo moja.

Maarifa ya jamii ndipo kukariri kunakojificha vizuri zaidi. Watoto wataimba Jumatatu hadi Jumapili, kisha mmoja atakwambia "jana" akimaanisha mwezi uliopita. Wimbo usiwe ndio somo. Bandika ratiba ya siku kwa picha 6 au 7, na kila tendo likiisha mtoto mmoja ageuze picha yake. Uliza: nini kilitangulia, nini kinafuata? Baada ya hapo ndipo jana na kesho zinapata maana.

Kwa familia, usiwape karatasi yenye nafasi ya baba, mama na watoto wawili. Sema, "Chora watu unaoishi nao." Kazi ni ileile, na mtoto anayelelewa na bibi, mjomba au mlezi hatakaa akitazama kisanduku asichoweza kukijaza.

Ramani huonekana kubwa mno kwa umri huu, lakini hatua zake ni ndogo. Weka kitofali cha mbao juu ya karatasi, mtoto achore kukizunguka, kisha mkiondoe: hiyo ndiyo sura ya kitu kikitazamwa kutoka juu. Fanya hivyo kwa vitu kadhaa, kisha mpange mfano wa darasa sakafuni na vitofali viwe meza. Ukiruka hatua ya kuchora kukizunguka kitu, watachora meza zikiwa na miguu minne imelala pembeni.

Kanuni za darasa zitoshe 3 au 4, zieleze la kufanya kuliko la kukatazwa, na kila moja iwe na picha. Kuzitaja si kuzijua. Zifanyieni mazoezi kama mchezo. Kwa ugomvi wa vifaa, saa ya mchanga ya dakika 3 hupunguza kelele kuliko hotuba yoyote, na sentensi mbili zifundishwe kwa maneno kamili: "Sipendi ukinisukuma" na "Nikimaliza nitakupa."

Kona ya igizo, ya zahanati au duka, iwe na karatasi na penseli. Huko "muuguzi" ataandika jina la mgonjwa na "muuzaji" orodha ya bidhaa, na wewe utaona kusoma, kuandika na kuishi na wenzake bila kumtahini mtu. Kaa pembeni na daftari, uangalie watoto 5 kwa siku. Darasa la 25 linakwisha kwa wiki. Andika ulichokiona: "amesoma simu, ameshindwa ulimi," si "anaendelea vizuri." Anayekwama mara mbili mahali pamoja, mrudishe hatua moja nyuma. Na yule anayekodolea midomo yako kila ukisema, au anayeinamia karatasi mpaka pua inagusa, zungumza na mzazi wake apimwe masikio na macho kabla hujamwandika kuwa mzito.