Ujumbe unatumwa, mama hawaji

SWALI: Mimi ni mkunga katika kituo cha afya cha daraja la III, upande wa Busia, Uganda. Tunawakumbusha wajawazito kliniki kwa ujumbe wa simu, lakini wengi hawaji, wengine huja siku isiyo yao. Kasoro iko wapi?

JIBU: Dada mkunga, kagua kwanza daftari la kuandikisha. Mara nyingi namba iliyoandikwa ni ya mume au jirani, na ujumbe huishia kwake. Muulize mama simu ni ya nani, nani humsomea, na kama ameridhia kutumiwa. Ridhaa hiyo inadaiwa pia na sheria ya Uganda ya ulinzi wa data ya 2019. Ipigie namba papo hapo, mbele yake. Na kwa kuwa simu moja hushikwa na wengi, usiandike kamwe majibu ya vipimo wala jina la dawa.

Kisha tarehe. Wiki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Asipoikumbuka, pima kimo cha mimba na uandike kuwa ni makadirio. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8: la kwanza kabla ya wiki 12 kwisha, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Tuma siku 2 kabla, maana simu isiyo na chaji hupokea ujumbe wa asubuhi usiku, kliniki imeshafungwa.

Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ukitia kijipicha kimoja tu cha uso unaocheka, nafasi hushuka hadi 70, ujumbe hugawanyika na gharama hupanda. Usiandike "9:00", wako watakaokuja saa 9 alasiri. Mfano:

"Mama, kliniki yako ni Jumanne hii, saa 3 asubuhi. Njoo na kadi. Ukitokwa damu au maji, au kichwa kikiuma sana, usisubiri: njoo leo."

Akishajifungua, mhamishe kwenye ratiba ya chanjo: wiki ya 6, 10 na 14, kisha surua miezi 9. Mimba ikiharibika au mtoto akifariki, zima ujumbe siku hiyo hiyo. Kumpongeza mama aliyefiwa ni ukatili, hata kama mashine ndiyo iliyotuma.

Asiyesoma apigiwe simu ya sauti, kwa lugha yake. Asiyefika kwa siku 3, jina lake lipelekwe kwa VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea, wa kijiji chake amfuate nyumbani.