Usijipime mchangani kisha ukaliamini jedwali

Mdogo wangu, usiongeze hata kilomita moja! Umeuliza pushapu, viatu na mbio. Nashika mbio kwanza. Umefanya kipimo cha Cooper, yaani kukimbia dakika 12 na kuona umefika umbali gani, ufukweni Shangani, Mtwara, saa 9 alasiri, umbali ukapimwa na simu: mita 2,050. Jedwali la kipimo hicho la wanaume wa miaka 20 hadi 29 likakuweka chini ya wastani, na sasa unataka mazoezi mara mbili kwa siku. Uamuzi kama huo ulinipa miezi mitatu ya maumivu ya ugoko.

Kenneth Cooper alikitangaza kipimo hicho mwaka 1968 baada ya kuwapima wanajeshi wa anga wa Marekani kwenye njia ngumu, tambarare. Mchanga mkavu unabonyea: unasukuma, kisigino kinazama, nguvu inaishia chini. Kukimbia juu yake kunakula nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya ardhi ngumu. Ongeza jua la alasiri. Moyo unagawa damu, nyingine inakwenda kwenye ngozi kuupoza mwili, misuli inapunjwa. Na kwa unyevu wa Mtwara jasho linachuruzika bila kukauka, kwa hiyo halipozi.

Inaniudhi mpaka leo. Kocha aliyenipa karatasi yenye jedwali hilo aliniona nahema mchangani, akaandika "dhaifu", akaniongezea mbio za vilima. Hakutaja ardhi wala saa.

Kanuni ni hii: ardhi ileile ngumu, saa ileile, umbali uliopimwa kwa tepu. Simu inakata kona. Chukua tepu ya fundi ya mita 50, zunguka uwanja wa mpira. Wenye mita 105 kwa 68 una mzunguko wa mita 346, hivyo mizunguko saba ni mita 2,422. Weka kopo kila mita 50, mwenzako ashike saa na filimbi. Anza saa 12 asubuhi, baada ya siku mbili bila mbio ngumu. Mzunguko wa kwanza usiumalize chini ya dakika 1 na sekunde 40. Wengi wanaufyatua, kufika wa nne wanatembea.

Filimbi ikilia, simama hapohapo, hesabu makopo. Toa 504.9 kwenye mita zako, gawanya kwa 44.73. Mita 2,400 zinatoa 42.4, yaani mililita za oksijeni ambazo mwili unaweza kutumia kwa kila kilo yake kwa dakika. Ile 2,050 yako inatoa 34.5, na hiyo ni namba ya mchanga. Ifute daftarini kabla hujagusa ratiba.